Risasi Isiyolia

Wacha nianze na aibu yangu, ndio nisiingie kwa hii mada nikijifanya mtakatifu.

Mwaka jana nililipwa shilingi elfu nane kusifia majani ya chai. Wengine wenu mnaikumbuka ile video. Nimevaa nguo nyeupe, nimeshika kikombe, nawaambia hii chai inatoa sumu zote mwilini. Sumu gani? Sikuuliza. Inazitoaje? Sikuuliza. Mimi mwenyewe niliinywa siku tatu, na kitu pekee ilifanya ni kunifanya nisitoke mbali na choo. Lakini pesa iliingia, watu wakapenda video, maisha yakaendelea.

Wiki mbili baadaye nilikuwa kwa mfereji wa ploti nikichota maji. Jirani yetu, mama wa mtoto wa miaka minne, akaniita kando. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba deni: "Ile chai yako ya kutoa sumu, mtoto anaweza kupewa?" Nikamuuliza mtoto amekula nini. Akasema hajakula kitu. Ni vile nyuma ya nyumba yao kuna vijana wanaopasua betri za magari na kuziyeyusha, na mtoto anacheza hapo kila siku. Siku hizi tumbo linamsumbua, chakula hataki, na hata maneno aliyokuwa ameshajua ni kama yanampotea.

Unajua nilimjibu nini? "Jaribu tu, mathe. Lakini kidogo."

Hiyo "jaribu tu" imekaa kwa koo yangu hadi leo. Ndio maana naandika hii.

Sikizeni. Kiswahili kimeweka jina moja kwa vitu viwili. Risasi ni ile ya bunduki. Risasi pia ni yale madini mazito, laini, ya rangi ya kijivu, ambayo hata hiyo ya bunduki hutengenezwa nayo. Sisi wa mtaa ile ya kwanza tunaijua vizuri. Ikilia tu, hakuna anayehitaji semina: unalala chini, unavuta mtoto ndani, unafunga mlango. Hii ya pili hailii. Haina harufu, na ndani ya chakula huwezi kuiona. Inaingia kwa mtoto ukimwangalia, na wewe unaendelea kukaanga vitunguu.

Mimi nimekua nayo. Anko wangu alikuwa fundi wa betri. Alizipasulia hapo nje ya mlango, anamwaga ile asidi kwa mtaro, anatoa vipande vya risasi vya ndani, vingine anaviyeyusha kwa karai kuukuu. Vile vidonge vilivyoganda ndivyo vilikuwa mawe yetu ya kuchezea. Vizito, vinang'aa ukivikwaruza. Jioni anko aliingia nyumbani na ovaroli ileile, anatubeba mmoja mmoja, anatuzungusha. Mathe alikuwa analalamika kuhusu madoa ya mafuta kwa nguo zetu. Kuhusu vumbi hakuna mtu alilalamika, kwa sababu hakuna mtu alikuwa ametuambia.

Mtoto wa anko, binamu yangu, alirudia darasa mara mbili. Hasira zake zilikuwa karibu, kusoma kulimshinda, na jina lake shuleni likawa "kichwa ngumu". Alichapwa sana kwa sababu ya hicho kichwa. Leo anavuta mkokoteni sokoni, na ni mmoja wa watu wenye roho safi ninaowajua. Je, ni risasi ilimfanyia hivyo? Hakuna atakayewahi kusema, kwa sababu hakuna aliyewahi kumtoa damu akaipima. Hivyo ndivyo hii sumu inashinda kesi zake zote. Haiachi tundu kwa ukuta wala ganda chini. Inaacha mtoto anayeitwa mjinga.

Sasa wacha tuongee vile inafanya kazi, kwa sababu hapa ndipo sisi watu wa mitandao tumewadanganya sana.

Mwili wako unaona risasi na unadhani ni kalsiamu. Ile unayopata kwa maziwa na omena. Kwa hivyo unaikaribisha. Inapita kwa damu, inafika kwa ubongo, halafu nyingi inawekwa kwa mifupa na meno, na kwa mifupa inaweza kukaa miaka na miaka. Msichana aliyeivuta akiwa mdogo akipata mimba baadaye, mwili wake unapotoa kalsiamu kwa mifupa kumjengea mtoto, risasi nayo inatoka na kumfikia mtoto tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto mdogo hufyonza risasi anayoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Ubongo wake ndio kwanza unajengwa, na kila kitu anakitia mdomoni. Shirika hilohilo linasema hakuna kiwango cha risasi kwa damu kinachojulikana kuwa salama.

Sasa niambie, chai itafika kwa mfupa aje?

Ini na figo zako zinafanya kazi yao ya kusafisha usiku na mchana, bure, bila kodi ya promo. Lakini risasi iliyokaa kwa mfupa haiondolewi na limau, tangawizi, wala maji ya tango. Kuna dawa za hospitali za kuivuta kutoka kwa damu, hupewa mtu ambaye kipimo chake kiko juu sana, chini ya daktari, na hata hizo hazirudishi ubongo ulioshaharibika. Kwa hivyo yeyote anayekuuzia kinywaji cha kutoa sumu ni mmoja wa watu wawili: hajui, au anajua na hajali. Mimi nilikuwa wa kwanza. Baada ya leo siwezi kusema hivyo tena.

Na kuna uongo mwingine mkubwa zaidi ya wa chai. Ni ule wa kukuambia kuwa usalama wako ni kuchagua vizuri dukani. Soma lebo. Nunua isiyo na kemikali. Kwanza, hakuna kitu kama hicho, maji yenyewe ni kemikali, chumvi ni kemikali, wewe ni kemikali zenye jina na kitambulisho. Swali la maana ni kemikali gani, kiasi gani, na imemfikia nani. Pili, ile inayotuumiza haina lebo. Vumbi la betri halina lebo. Rangi inayobambuka kwa mlango wa chekechea haina lebo. Moshi wa nyaya zinazochomwa ndio watu watoe shaba hauna lebo. Nani atasoma nini?

Angalia tu jikoni. Zile sufuria za kumiminwa za jua kali, hutengenezwa kwa vyuma chakavu vilivyoyeyushwa pamoja: vipuri vya injini, makopo, chochote kilichopatikana. Utafiti uliochapishwa 2017 ulipima vyombo 42 vya alumini vya aina hiyo kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo. Zaidi ya theluthi moja vilitoa risasi ya kutosha kuwa hatari vilipochemshwa na kitu chenye uchachu. Uchachu ni nini kwetu? Ni nyanya. Ni ndimu. Ni ukwaju. Ni ile mchuzi imekaa kwa moto tangu saa tano.

Angalia rangi. Risasi iliwekwa kwa rangi miaka mingi kwa sababu inang'arisha, inakausha haraka na inadumu. Kenya ina kiwango rasmi: isizidi sehemu 90 kwa kila milioni. Kiwango kizuri kabisa. Lakini rangi iliyopakwa kabla ya hapo bado iko ukutani, na fundi akija kuisugua ikiwa kavu, lile vumbi linashuka kwa sakafu ambapo mtoto anatambaa.

Angalia Dandora. Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa ripoti kuhusu ule mlima wa takataka. Watoto 328 wanaoishi karibu walichunguzwa, na nusu yao walikuwa na risasi kwa damu ya mikrogramu 10 au zaidi kwa desilita. Hicho ndicho kiwango dunia ilikuwa inaogopa wakati ule. Siku hizi kiwango cha kuchukua hatua kimeshushwa hadi 5. Makao makuu ya hilo shirika yako Gigiri, hapa hapa Nairobi, kwenye miti na barabara safi. Kutoka huko hadi Dandora ni matatu tu. Ripoti ilisafiri dunia nzima, na watoto waliopimwa wakati huo leo ni watu wazima. Mlima bado upo.

Na si sisi tu. Mwaka 2020 UNICEF na shirika la Pure Earth walikadiria kuwa mtoto mmoja kati ya watatu duniani, hadi milioni 800, ana risasi kwa damu ya mikrogramu 5 au zaidi. Wengi wao wako nchi maskini. Si kwa sababu mama zao hawasomi lebo.

Najua sasa kuna mtu anasema: "Wacha kutisha watu. Tumekula kwa hizo sufuria tangu tuzaliwe na tuko sawa." Uko sawa ukilinganishwa na nani? Na wewe ambaye ungekuwa? Huyo hujawahi kukutana naye. Risasi haiui wengi hadharani. Inapunguza. Inapunguza kidogo akili ya huyu, inaongeza kidogo hasira ya yule, inapandisha presha ya mzee akifika miaka hamsini. Ukiipunguzia familia moja, ni bahati mbaya ya hiyo familia. Ukiupunguzia mtaa mzima, watu wanasema "hao wa huko ndio hivyo walivyo." Mnajua vizuri wanasema hivyo kuhusu mitaa gani.

Mwingine atasema: "Sasa unataka mafundi walale njaa?" Hilo ni swali la haki, na mimi ndiye wa mwisho kulidharau, kwa sababu ada yangu ya shule ililipwa na betri. Anko hakuwa mbaya. Anko alikuwa mtu wa kwanza kuvuta ule moshi, na mikono yake ilikuwa inatetemeka kabla afike miaka hamsini. Sitaki afungiwe. Nataka wale walionunua risasi yake kwa kilo, wakamlipa shilingi kidogo na kuiuza mbele kwa faida, walazimishwe kukusanya betri kuukuu na kuzipeleka mahali penye chujio la moshi, sakafu ya saruji, glavu, na bafu ya kuoga kabla ya kwenda nyumbani. Faida imepanda juu na sumu imebaki chini. Geuzeni hiyo.

Na msiniambie haiwezekani, kwa sababu imeshafanyika.

Zamani risasi ilikuwa ndani ya petroli. Mwaka 1921 Mmarekani mmoja, Thomas Midgley, aligundua kuwa ukiichanganya na petroli injini inaacha kugonga. Wafanyakazi wakaanza kuchanganyikiwa na kufa viwandani. Mwaka 1924 Midgley aliitisha waandishi wa habari, akajinawisha ile dawa mikononi mbele yao na kuinusa kuonyesha haina neno. Yeye mwenyewe alikuwa ameshawahi kuugua kwa ajili ya risasi. Mnaona? Promo ya uongo haikuanza na mimi na kikombe changu.

Kwa miaka mingi dunia nzima ilivuta ule moshi, kila gari, kila barabara. Je, iliishaje? Kuna mtu alikunywa chai? Kuna mtu alinunua petroli safi kwa duka la kikaboni? Hapana. Serikali zilikaa chini. Mwaka 2001, kule Dakar, nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana kuiondoa, na kufikia mwanzo wa 2006 Kenya na majirani walikuwa wameacha kuiuza. Nchi ya mwisho duniani, Aljeria, iliacha 2021. Mtu yeyote aliyezaliwa Nairobi baada ya 2006 hakuvuta risasi ya matatu. Wewe unayesoma hii, labda ni wewe. Ulipewa zawadi ya ubongo na watu usiowajua, na haikukugharimu hata bob.

Hivyo ndivyo sumu inatolewa mwilini. Inatolewa kabla haijaingia.

Na tukikataa kuifanya mapema, bei ni hii. Owino Uhuru, Mombasa. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kilianza kazi ubavuni mwa kijiji chenye watu karibu 3,000, ukuta kwa ukuta. Mama mmoja aliyeajiriwa hapo, Phyllis Omido, mtoto wake mchanga akaugua, na vipimo vikaonyesha risasi kwa damu. Angeweza kuchukua mtoto wake na kunyamaza. Badala yake alianza kuuliza kuhusu watoto wa wengine. Alikamatwa, alitishwa, akaendelea. Kiwanda kilifungwa 2014, na 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman.

Lakini tuzo si dawa. Wakazi walienda kortini. Mwaka 2020 mahakama ikaamua walipwe shilingi bilioni 1.3, na ikasema waziwazi kuwa si kiwanda peke yake kilikosa, hata taasisi za serikali zilizopaswa kusimamia zilikosa. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikafuta hiyo hukumu. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Hesabu mwenyewe: mtoto aliyekuwa anatambaa kiwanda kilipofunguliwa alikuwa ameshafika umri wa kidato cha mwisho. Katiba yetu, Kifungu cha 42, inasema kila mtu ana haki ya mazingira safi na salama. Ni maneno matamu. Owino Uhuru inatuonyesha haki hiyo inachukua miaka mingapi kutoka kwa karatasi hadi kwa mtaa.

Kwa hivyo sitaki kuwapa orodha ya vitu kumi vya kununua. Nitawapa vichache ambavyo havina promo, halafu tuongee kazi yenyewe.

Ukifanya kazi ya betri, kuchomelea au kuchoma nyaya, vua nguo za kazi nje na uoge kabla ya kushika mtoto. Zifue peke yake. Sakafu ipanguse na kitambaa chenye maji, usipeperushe vumbi na ufagio mkavu. Rangi kuukuu usiisugue ikiwa kavu. Mtoto anawe mikono kabla ya kula. Nyanya na ndimu usizichemshe kwa muda mrefu kwa sufuria ya kumiminwa. Na mpe mtoto chakula chenye chuma na kalsiamu, mboga kama kunde na terere, omena, maharagwe, maziwa ikipatikana, kwa sababu mwili wenye njaa ya hayo madini hufyonza risasi zaidi. Hiyo inasaidia. Haitoshi. Yeyote atakayekuambia inatosha anakuuzia kitu.

Kazi yenyewe ni hii. Kila kliniki mtoto anapimwa uzito, anapewa chanjo, kadi inawekwa alama. Kwa mitaa iliyo karibu na jalala, karakana za betri na viwanda vya kuyeyusha, apimwe na risasi kwa damu pia. Rangi inayouzwa na sufuria inayomiminwa vichukuliwe sokoni vipimwe, na matokeo yatangazwe tuyaone, si kufungiwa kwa droo. Betri kuukuu irudi kwa aliyeiuza. Na sisi wenye simu na wafuasi tuache kuuza hofu kwa wale wenye pesa na matumaini ya uongo kwa wale wasio nazo. Kaunti yako ina mwakilishi wa wadi. Ana ofisi. Huwa anakujua jina wakati wa kura. Muulize: kwa wadi yetu, mtoto anapimwa wapi?

Wiki iliyopita nilirudi kwa yule jirani. Nilienda na soda na maneno niliyokuwa nimeyafanyia mazoezi. Nikamwambia ile chai haifanyi kitu, kwamba nililipwa kuisema, na kwamba nilikosa sana kumwambia ajaribu. Nikamwambia kuhusu risasi, kuhusu betri, kuhusu damu. Nilidhani atakasirika. Hakukasirika. Alikuwa ameshanunua pakiti mbili, kwa pesa ya kibarua cha kufua nguo, na bado zilikuwa kwa rafu, moja imefunguliwa.

Alinisikiza hadi mwisho, akamvuta mtoto kwa mapaja yake, akampangusa uso. Halafu akaniuliza kitu kimoja tu.

"Sawa, nimekuelewa. Sasa nimpeleke wapi apimwe?"

Tumeshaenda zahanati mbili pamoja. Zote mbili walitusikiza vizuri, wakatupa dawa ya minyoo. Kesho tunaenda ya tatu, na kutoka hapo tunapitia kwa ofisi ya mwakilishi wa wadi. Wenye mnaishi karibu nasi, mnakaribishwa. Mje na watoto.